Waya wa Choki Uliounguza Mkono

Vijana wangu mnaoshika spana leo, nimewaona mkichomeka kile kikompyuta chini ya usukani, mnasubiri kidogo, nacho kinawaambia gari linaumwa wapi. Sina ugomvi nacho. Lakini juzi mmoja wenu alinikuta gereji nimeukunja waya karibu na sikio, macho nimefumba, akaniuliza, "Babu, unasikiliza redio?" Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Mwenye gari alikuwa anasubiri, kwa hiyo sikumjibu vizuri. Namjibu sasa, na nyote msikie, kwa sababu kusikiliza waya nilifundishwa na mtu ambaye hakuwahi kuendesha gari hata siku moja, na nilifundishwa nikiwa nimeshachelewa.

Kazi yangu ilikuwa umeme wa magari. Nimeifanya hapa Babati zaidi ya miaka thelathini, mwanzoni kwenye kibanda cha mabati kule Bagara, na ukutani nilikuwa nimepigilia misumari ya kutundikia vyombo. Miaka ninayoisimulia ni ile ya themanini na kitu, miaka ya shida. Manyara haikuwa mkoa bado. Tulikuwa chini ya Arusha, na kila kitu kilitoka Arusha, kama kilitoka. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na vipuri vya magari havikuwa hata na foleni ya kupanga. Ukitaka betri mpya ulihitaji barua, barua ikazaa barua nyingine, mpaka upate kibali, na ukishapata kibali ndipo unaanza kuitafuta betri.

Kwa hiyo tulitengeneza vilivyochakaa kwa kutumia vilivyochakaa zaidi. Magari mengi ya hapa yalikuwa ya zamani hata wakati ule, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kutu. Ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri tuliumwagia maji ya moto yenye magadi. Magadi hayakukosekana, akina mama walipikia mboga. Unamwaga, povu linachemka, ukisuuza kichwa kinatoka safi. Shida ilikuwa baada ya hapo. Kichwa kikishasafishwa kinataka kupakwa grisi ili hewa na tindikali visikirudie, na grisi hatukuwa nayo. Mimi nikajiona mjanja, nikapaka mafuta ya ng'ombe kwenye gari la mfanyabiashara mmoja wa mahindi. Yaliganda vizuri, yakang'aa, nikajisifu. Baada ya siku nne mwenyewe akarudi analivuta kwa ng'ombe wawili. Panya wa ghalani kwake walikuwa wameingia chini ya boneti, wamekula mafuta yote, na walipomaliza mafuta wakaendelea na nyaya. Tangu hapo nikatumia nta ya nyuki iliyoyeyushwa na oili kidogo. Panya haipendi, na maji hayapiti.

Hayo nilijifunza kwa hasara ndogo. Lipo nililojifunza kwa hasara kubwa.

Pale Singe palikuwa na zahanati ndogo, na zahanati ilikuwa na pikapu moja kuukuu, rangi yake ya kijani imepauka mpaka huwezi kusema ni rangi gani. Ndilo gari pekee lililochukua wagonjwa wa upande wetu kwenda hospitali ya misheni. Nesi wa zahanati aliitwa Mama Flora, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Dereva alikuwa Mzee Tsere, mtu wa milima ya Mbulu. Kiswahili alikuwa amejifunza ukubwani, akakizungumza taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja baada ya jingine.

Pikapu lile likaanza kukataa kuwaka. Siku nyingine likiwa baridi linawaka, ukilizima kidogo halitaki. Ukipiga stata, inazunguka kivivu mara moja, mbili, halafu inanyamaza. Mzee Tsere akaniletea. Nikasafisha vichwa vya betri, likawaka, akaondoka. Baada ya wiki akarudi. Nikasafisha tena. Mara ya tatu nikasema neno ambalo fundi hulisema akichoka kufikiri: "Betri imekufa."

Mzee Tsere alibaki amesimama. Akasema, "Fundi, kuna kitu kingine."

"Kitu gani, mzee?"

"Nikipiga stata, ile waya ya choki inaunguza mkono."

Choki, kwa ninyi ambao hamkuikuta, ni kitufe cha kuvuta kwenye dashibodi. Kina waya mrefu wa chuma unaokwenda mpaka kwenye kabureta, wa kuongeza mafuta injini ikiwa baridi. Hauna umeme hata kidogo. Ni kama kamba tu. Nikamwambia, "Mzee, choki haihusiani na umeme. Hilo ni joto la injini."

"Injini inakuwa baridi, fundi. Asubuhi. Lakini inaunguza."

Palikuwa na watu wanne watano wakisubiri magari yao, na mmoja akasema labda mzee ameshika kikombe cha chai. Walicheka. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa na nilipenda kuchekesha watu, nikaongeza langu. Mzee Tsere akaipeleka ile habari kwa Mama Flora, kwamba betri imekufa.

Mama Flora alikwenda Arusha mara tatu kuifuata betri hiyo. Mara ya kwanza alikosa sahihi, mara ya pili mwenye sahihi alikuwa safarini, mara ya tatu akaipata. Alirudi juu ya lori la mahindi, siku nzima barabara ya vumbi, betri ameipakata mapajani ili isipinduke. Tindikali ilivuja kidogo. Gauni lake jeupe la kazi lilitoka matundu mbele kama limepigwa na mvua ya moto, na ngozi ya paja ikababuka. Alipofika kwangu alishuka, akaniwekea betri mezani na kusema, "Haya, fundi." Basi.

Nikaifunga. Gari likawaka kwa kishindo. Niliona fahari kweli, sitawadanganya. Betri ya zamani nikaitupa nje nyuma ya kibanda. Na hapa nikafanya jambo jingine. Pikapu lile lilikuwa na hendeli, yaani ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini kwa nguvu kutoka mbele, betri ikiwa dhaifu. Kulikuwa na trekta la mtu wa Sigino lililohitaji hendeli ya namna ile. Nikamwambia Mzee Tsere, "Niachie hendeli wiki moja, mbili. Una betri mpya, hendeli ya nini?"

Akaitazama hendeli, akanitazama mimi. Alikuwa mtu wa heshima. Akaniachia. Nilimaliza kazi ya trekta, nikaitundika kwenye msumari, nikasahau kuirudisha.

Gari lilikwenda vizuri kiasi cha wiki tatu.

Mwezi wa kumi na mbili mvua zikanyesha sana. Asubuhi moja Mzee Tsere na Mama Flora walikwenda Sigino kumchukua mwanamke aliyeitwa Mama Agnes. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Mumewe, Baba Agnes, alipanda nao nyuma. Kabla ya kufika barabara kubwa kuna korongo la kuvuka. Maji hayakuwa mengi, yalifika nusu ya tairi, lakini chini kulikuwa na tope. Katikati ya korongo injini ikazima. Injini yoyote inaweza kuzima kwenye tope, hilo si kosa la mtu. Mzee Tsere akapiga stata. Ikazunguka kivivu mara moja, ikanyamaza. Akapiga tena. Haikuzunguka kabisa.

Kusukuma hawakuweza, tope lilikuwa limeshika matairi. Hendeli haikuwepo. Wanaume waliokuwa wanapanda mahindi mashamba ya jirani wakaja, wakakata miti miwili, wakafunga blanketi, wakambeba Mama Agnes kwa kupokezana mpaka barabara kubwa, na kutoka pale mpaka lilipopatikana lori la mtu. Walifika hospitali jua limeshapinduka. Mama alipona. Mtoto alikuwa wa kike. Hakupona.

Mimi wakati huo sikujua lolote. Nilikuwa kibandani natengeneza honi ya basi. Nikamwona Mzee Tsere anakuja kwa miguu, tope mpaka magotini. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Aliitikia, "Marahaba," akapita pembeni yangu mpaka ukutani, akaitoa hendeli kwenye msumari. Kisha akanieleza kilichotokea, kwa maneno machache, bila kunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Tulirudi pamoja mpaka korongoni. Nikaingia majini, nikaichomeka hendeli, nikazungusha mara mbili. Injini ikawaka. Mara mbili tu, vijana wangu. Nilisimama ndani ya yale maji nimeishika, na Mzee Tsere amekaa kwenye usukani anaangalia mbele.

Nikalileta gari gereji nikalikagua kwa siku mbili. Betri ilikuwa nzima, imejaa. Stata niliifungua, ilikuwa nzima. Swichi nzima. Nikakosa pa kushika. Mjini kulikuwa na mita moja ya kupimia umeme, yenye mshale, na ilikuwa ya fundi redio aliyeitwa Petro Ami. Ugonjwa wa utotoni ulikuwa umemlemaza miguu, anatembea kwa magongo mawili, na kibanda chake hakikuwa mbali na changu. Tulikuwa tukisalimiana, lakini moyoni nilimwona ni mtu wa vitu vidogo vidogo. Nikaenda kuazima mita kwake.

Nilipoingia kibandani mwake redio ilikuwa inaimba, na chini ya meza palikuwa na betri ya gari. Nikaiangalia vizuri. Kulikuwa na alama yangu ya rangi nyekundu.

"Hii si ile niliyoitupa?"

"Ndiyo hiyo," akasema Petro. "Niliiokota nyuma ya kibanda chako, nikaipeleka kule kwenye mashine ya kusaga wakanichajia. Mwezi sasa inanipigia redio."

"Lakini hiyo imekufa."

"Basi haijapata habari," akasema, na akaendelea kuchomelea risasi, ile ya kuunganishia nyaya, kwenye redio ya mtu.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamweleza kila kitu, kuanzia mwanzo mpaka korongoni. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka chuma cha kuchomelea chini. "Umeme unatoka kwenye betri unakwenda kwenye stata," akasema. "Nakubali. Unarudi kwa njia gani?"

"Unarudi kwa bodi. Chuma chote cha gari ni njia."

"Njia hiyo umeiona?"

"Iko pale siku zote, Petro."

"Sijakuuliza kama iko. Nimekuuliza kama umeiona."

Alitaka kuja mwenyewe. Tukatandika mkeka chini ya pikapu, mimi na Mzee Tsere tukamshusha taratibu akalala chali, magongo yake tukayaegemeza kwenye tairi. Kabla ya kugusa chochote alimwambia Mzee Tsere, "Mzee wangu, wewe ndiye unakaa na gari hili. Nieleze lote unaloliona, hata la kijinga." Na Mzee Tsere, baada ya kunitazama kidogo, akasema lile lile: "Ile waya ya choki inaunguza mkono."

Petro akaniita kutoka chini ya gari kwa jina langu, si kwa ufundi wangu. "Bura, huyu mzee alikupa jibu. Umeme ulikosa njia ya kurudi. Ukatafuta njia nyingine, ukaona kawaya kembamba ka choki kanatoka kwenye injini kwenda kwenye dashibodi, ukapita hapo. Ndiyo maana kanaungua. Umeme wa kuzungusha injini nzima unapita kwenye kamba."

Akanifundisha kipimo ambacho nawapa sasa, na hamhitaji kompyuta. Chukua balbu ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja uweke kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kilichosafishwa cha injini yenyewe, halafu mtu apige stata. Kama njia ya kurudi ni nzima, balbu haiwaki, kwa sababu umeme una njia yake pana na hauna haja ya kupita kwenye balbu yako. Ikiwaka, njia imeziba. Ya kwetu siku ile iliwaka, nyekundu kama kaa la moto.

Kati ya injini na chasisi kuna waya mpana wa shaba uliosukwa, na pikapu lile lilikuwa nao. Nilikuwa nimeuona mara nyingi nikipita chini. Ulikuwa na oili na vumbi juu, mzima, bolti zake zimekaza. Petro akanifanya niufungue. Chini ya bolti palikuwa na kutu nyekundu nene kama ganda la mkate. Kisha akaukunja ule waya karibu na sikio lake, akanipa na mimi. Nikasikia mchanga. Waya mzima wa shaba ukiukunja haulii. Ulioliwa ndani unasagika, kwa sababu shaba imegeuka kuwa unga wa kijani, na nyuzi zilizobaki ni chache, zinashikana leo, kesho zinaachana. Betri mpya ilikuwa na nguvu za kupenya hapo kwa wiki chache. Betri ya zamani haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa na njaa tu, kwa sababu hata umeme wa kuichaji ulipita njia hiyo hiyo mbovu.

Waya mpya wa namna hiyo haukuwepo Babati, na sina hakika kama ulikuwepo Arusha. Tukapata kipande cha kebo nene ya mashine ya kuchomelea vyuma, ile ambayo ilikuwa imekatika. Petro akatengeneza vichwa vya kebo kwa bomba la shaba la jokofu bovu, akalipondaponda likawa bapa, akatoboa, akachomelea kwa risasi yake ya redio, na risasi ilikuwa adimu kwake kama betri kwangu. Mimi nikasugua chuma cha chasisi na cha injini kwa tofali na mchanga mpaka kikang'aa. Tukafunga, tukapaka nta. Mzee Tsere akapiga stata. Balbu ikabaki giza, injini ikawaka. Mzee akaweka kiganja kwenye kitufe cha choki, akakiacha pale muda mrefu, kisha akaniambia, "Baridi."

Hakuna mtu aliyekuwa ananitafuta kwa kosa lile. Watu walisema ni mvua, wengine walisema ni mapenzi ya Mungu. Mzee Tsere asingesema, na Petro hakuwa mtu wa kusema. Kwa siku kadhaa nilifikiri nitanyamaza. Nilishindwa kula vizuri, na mke wangu akadhani nina malaria.

Nilianza kwa Mama Flora. Nilimkuta zahanati anachemsha sindano. Nikamweleza kwamba betri haikuwa imekufa, kwamba dereva aliniambia nikamcheka, na kwamba hendeli ilikuwa ukutani kwangu. Aliendelea kutoa sindano moja moja kwenye maji kwa koleo. Mwisho akasema, "Kwa hiyo ile betri niliipakata bure."

"Ndiyo, mama."

"Mimi usiniombe msamaha. Gauni nitashona. Nenda Sigino."

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Waya mbovu niliuweka mfukoni, sijui kwa nini. Baba Agnes alikuwa anatengeneza jembe uani, na Mama Agnes amekaa mlangoni kwenye kivuli cha ukuta, bado dhaifu. Walinikaribisha vizuri, wakaniletea kiti. Walidhani nimekuja kutoa pole. Nikasema yote, tena nikayasema haraka, kwa sababu nilijua nikisita sitamaliza.

Baba Agnes alisimama, akaenda mpaka kwenye uzio, akatugeuzia mgongo. Mama Agnes ndiye aliyesema. "Huo waya uko wapi?"

Nikautoa. Akaupokea, akaugeuza huku na huku. "Mbona mzima?"

"Kwa nje, mama. Ukunje karibu na sikio."

Akaukunja. Akasikiliza. Kisha akaomba kisu kwa mumewe, akazipasua nyuzi mwenyewe juu ya goti lake, na ule unga wa kijani ukamwagika kwenye kanga. Akaupangusa kwa kiganja, taratibu. "Tulimwita Theresia," akasema. "Nesi alimbatiza." Halafu akanirudishia waya na kuingia ndani.

Nikaaga. Baba Agnes akanisindikiza mpaka njiani, ingawa sikutegemea. Tulipofika kwenye njia panda akasema, "Mdogo wangu Veronika ana mimba. Atajifungua mwezi wa nne, mvua zikiwa kali. Mtoto wake wa kwanza alimpata kwa shida, na nesi amesema huyu pia azaliwe hospitali."

"Gari litafika, Baba Agnes."

"Usiniambie litafika. Siku hiyo utakuja wewe mwenyewe, utakaa ndani ya gari."

Nikakubali. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilikwenda zahanati na balbu yangu. Na tangu siku hiyo kila dereva aliyekuja gereji nilimpa kiti kwanza nikamwacha aongee mpaka amalize, hata akisema gari lake limerogwa. Wengine waliongea sana. Mmoja alinieleza habari za shemeji yake kwa nusu saa, na katikati ya shemeji nikapata kosa la gari.

Mwezi wa nne wakanipitia asubuhi. Mzee Tsere kwenye usukani, Mama Flora pembeni. Nyuma, chini ya turubai, tulikaa mimi na sanduku langu la vyombo, Baba Agnes, na dada yake Veronika amelazwa kwenye godoro, ameshika mkono wa kaka yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulipofika korongoni maji yalikuwa juu kuliko siku ile. Mzee Tsere akasimamisha gari, akayatazama, akaingia taratibu.

Katikati, injini ikazima.

Yalisikika maji yakipita chini yetu, na Veronika akihema. Baba Agnes alinitazama usoni, na mimi sikuweza kutazama pembeni. Nikasikia Mzee Tsere anakohoa kidogo kule mbele, kisha akapiga stata. Ikazunguka kwa nguvu, mara moja, mara mbili, mara tatu, ikashika. Gari likatikisika, likapanda ng'ambo, matope yakirukia turubai. Veronika akauliza, "Tumeshavuka?" na kaka yake akamjibu, "Tumevuka."

Hospitali tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na Mzee Tsere. Mzee alilala akiwa ameketi, kofia imefunika macho. Karibu na saa nane mchana Baba Agnes akatoka. Akakaa upande wangu wa pili, akatoa kiazi kitamu cha kuchemsha kilichofungwa kwenye gazeti, akakikata katikati, akanipa nusu. Tukala. Kilikuwa kimepoa.

"Wa kike," akasema.

"Na mama?"

"Mzima. Anaomba chai."

Akapangusa mikono yake kwenye suruali. Alikaa muda akiangalia pikapu pale uani, tope limelijaa mpaka madirishani. "Mke wangu ataniuliza," akasema. "Ataniuliza kama lilizima."

"Mwambie ukweli. Lilizima."

Akafikiri. "Nitamwambia lilizima," akasema. "Halafu nitamwambia liliwaka."